Majani ya Kukamata Udongo

Juzi, katika soko la Nyakasanza, mtu alipita na mzigo wa majani ya mlimani ya kulisha mbuzi. Harufu yake ikanirudisha shambani kwetu, Djugu, siku Mama alipopasua shina la majani hayo kwa jembe, akakata ncha, akapanda vipande kwa mstari mtelemkoni.

"Mama, majani ni ya nini?"

"Mvua ikinyesha, udongo inatoroka, mutoto wangu. Haya iko na mizizi ya kuikamata. Ukipanda mara moja, haikufi tena."

Alasiri ile nzima niliulinda udongo, nione unavyoinuka na kukimbia.

Sasa, kwa sababu ya vita, tunaishi kambini, chini ya hema. Jirani aliyepita kule nyumbani anasema majani yamefika mlangoni petu, na udongo wote upo. Sisi ndio tuliotoroka.