Kimraba Kitupu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu: siku niliyofika mtaa wa Ghulail, mjini Jidda, na mkoba uliobeba sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Nilikuwa kijana, mwalimu wa mkataba huko Riyadh, na nilibakiwa na wiki mbili za kuikabidhi. Ningechelewa, mkataba na ikama, kibali changu cha kuishi Saudia, vyote vingekwisha.

Nilisoma historia ya kale ya China katika vibanzi vya mianzi, vilivyoandikwa kwa wino na kuzikwa makaburini zaidi ya miaka elfu mbili. Bi Mwanakheri, Mzanzibari aliyenifundisha kuvisoma, alikuwa amestaafu na kuishi pale Ghulail, juu ya duka la viungo. Nilimwendea kutaka sifa. Ushauri, kwa kweli, sikuutaka.

Alivaa miwani, akasoma kwa kituo, kisha akaweka kidole juu ya mstari mmoja uliomhusu mfalme wa kale wa China.

"Hapa umeandika mfalme alimuua nduguye. Hilo 'alimuua' umelisoma wapi?"

"Kibanzi kimevunjika hapo, Bi. Lakini vitabu vyote vya baadaye vinasema alimuua."

"Kama vitabu vilikutosha, kwenye mianzi ulifuata nini?"

Nikanyoosha mkono kuzichukua karatasi zangu.

"Wee Sefu, mfalme huyu hawezi kuja Jidda kujitetea. Umempaka damu mikononi kwa sababu mwanzi umekatika! Yalla, kunywa chai, halafu ulifute."

"Nikilifuta, sura nzima inaanguka. Na ikama yangu je?"

"Na ianguke," akasema, sasa kwa upole. "Kazi utapata nyingine, mwanangu."

Katika fani yetu, mahali pa kila neno lililopotea huchorwa kimraba kitupu. Nilikichora palepale mezani kwake. Sura ikaanguka kweli. Mkataba ukaisha, nikarudi Unguja, nikatumia mwaka mzima kuijenga upya juu ya yale yaliyosomeka tu. Kipande kilichokatika hakijaonekana hadi leo. Sijui kama mfalme yule alimuua nduguye, alimsamehe, au alimzika kwa heshima.

Ninalokuusia ni hili, mwanangu. Ukisimuliwa habari za mtu na katikati pana pengo, liache pengo lionekane. Usilijaze kwa sababu wengi wamesema, wala kwa hofu ya kupoteza ulichonacho. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona kilichopo na subira mbele ya kisichoonekana. Na siku watu watakapoeleza habari zako nawe hupo, akujaalie msomaji atakayekuachia kimraba pale asipopajua.