Karatasi ya Njano Ndani ya Upindo

Siku ya kwanza nilipofika kwenye ile fleti ya Lewisham, kitu cha mwanzo kuniangalia hakikuwa bibi niliyetumwa kumtunza. Ilikuwa karatasi. Ilibandikwa juu ya mlango kwa ndani, nyembamba, ya njano, na juu yake mistari myekundu imejipinda na kuungana hata hujui imeanzia wapi. Nilisema bismillahi nikaingia kwa mguu wa kulia. Kisha nikaisema tena, maana ile ya kwanza niliona haitoshi.

Ijulikane mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akisema nikiletewa zawadi nanusa kwanza ndipo nashukuru. Nimezaliwa Unguja, nimelelewa katika nyumba ambayo kucha zikikatwa huzikwa, nywele za kwenye kitana hazitupwi ovyo, na mgeni akisifu mtoto bila kusema mashaallah hutazamwa mpaka aseme. Miaka yangu yote ya London haijanipunguzia hata chembe. Imeniongezea tu barua za Croydon, za ofisi ya uhamiaji, ambazo nazo nazifungua kwa bismillahi.

Bibi huyo alikuwa Mchina wa Malaysia, mjane, mdogo wa umbo, ana miaka themanini na kitu. Nilipomwita kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi za ejensi iliyoniajiri alinikatiza. "Hilo ni la madaktari," alisema. "Wewe niite anti." Hapo nilimpenda, kwa sababu kwetu nani anamwita mtu mzima jina lake? Lakini kumpenda mtu ni jambo moja na kumwamini ni jingine.

Nilikuwa naye asubuhi, siku tano kwa wiki. Namwogesha, namvisha, nampa dawa zake, nampikia uji wa mchele. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka, kikombe hakishikiki mpaka nikishike naye. Ila kulikuwa na asubuhi ambazo baada ya kuoga alisukutua mdomo mara tatu, akanawa mikono upya, akawasha ubani, akaniambia nisimame jikoni na nisiseme neno. Nilimchungulia, bila shaka. Alikuwa na brashi, kisahani cha wino mwekundu alioutengeneza kwa unga wa jiwe, na bunda la zile karatasi za njano. Alivuta pumzi, akaizuia, na brashi ikashuka kutoka juu mpaka chini. Mara nyingi mkono ulimsaliti katikati na pumzi ikamtoka. Karatasi hiyo aliikunja akaiweka kando, akakaa ameinamisha kichwa.

Baba yake, aliniambia, alikuwa kuhani wa dini yao, Utao. Watu walimjia na mtoto mwenye homa isiyokwisha, na duka lisilopata wateja, na nyumba iliyojengwa karibu na makaburi, na yeye aliwaandikia. Wasichana hawakufundishwa. Anti alikuwa akimsagia baba yake wino, akajifunza kwa macho. Sharti kubwa ni pumzi: karatasi moja, pumzi moja. Pumzi ikikatika, hiyo si kinga tena, ni karatasi iliyochafuka.

"Hii ya mlangoni inasema nini?" nilimuuliza.

"Haisemi na wewe," alijibu. "Ni amri. Anaisoma anayeamriwa."

Jibu hilo halikunitosha. Jumamosi moja nilimuuliza binti yake, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya ofisini, aliyekuja na mifuko ya vyakula. Alicheka. Alisema yeye anaweza kusoma neno la juu tu, lile la "amri." Yaliyobaki hata mwalimu wa Kichina hayasomi, maana ni maandishi ya kupelekewa walio juu, na mtoto wa Lewisham kama yeye hayamhusu. Basi mimi nikajiambia: maandishi yasiyosomeka hata na mwenye lugha yake yana siri gani? Na kwa nini yamewekwa pale ninapopita mimi kila siku?

Niseme, kwa haki, kwamba mimi mwenyewe nilivaa hirizi shingoni mpaka nikaanza shule. Ilishonwa kwa ngozi nyeusi, na ndani yake, nilikuja kuona ilipochanika, mlikuwa na visanduku vya tarakimu na herufi zilizoachana, hakuna hata neno moja la kusomeka. Sikuishuku hata siku moja. Na nilipougua surua, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, nikanywa. Hayo yote nayajua. Lakini siku nilipomwona anti anachoma karatasi yake juu ya bakuli, anakoroga majivu kwenye maji ya uvuguvugu na kuyanywa, nywele zilinisimama. Nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba mteja amekunywa majivu. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza kombe langu mimi lingeandikwaje kwenye daftari hilo.

Mwezi uliofuata nilipata mimba.

Ilikuwa ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, moja katika mwezi wa tatu na moja katika wa tano, na ile ya mwezi wa tano nilikuwa nimeshanunua kofia. Safari hii nilimwambia mume wangu peke yake. Shangazi yangu wa Tottenham, ambaye ndiye mama yangu hapa mjini, sikumwambia. Ofisi ya ejensi sikuiambia. Niliona kila jicho ni la kuogopwa, na kila anayeniuliza hali yangu nilidhani anatafuta jambo.

Asubuhi moja nilikuwa nataka kunyanyua ndoo ya maji kutoka bafuni. Anti alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu ukumbini.

"Usinyanyue hiyo," alisema. "Si kwa sasa."

Tumbo halikuwa limetoka. Sikuwahi kutapika mbele yake. Nilimuuliza kwa nini. Akageuza uso dirishani, akaniambia uji unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua, lakini hilo halikunituliza.

Kuanzia siku hiyo nilimchunga kama anavyochungwa mwizi. Niliona anavyonitazama kiunoni. Niliona amerudia kuandika, asubuhi mfululizo, na kila akimaliza anaficha. Karatasi zilizokunjwa zilijaa kwenye pipa la taka, nami ndiye ninayelitoa pipa. Nilizitoa kwa glavu.

Kisha siku moja, kituoni, nikisubiri treni, nilitia mkono mfukoni na kidole kikapita kwenye tundu la mfuko mpaka kwenye bitana ya koti. Kule chini, kwenye upindo, kulikuwa na kitu. Nililigeuza koti palepale. Mshono wa upindo ulikuwa umefumuliwa kwa urefu wa kidole na kushonwa upya kwa uzi mwekundu, mishono ya kupanda na kushuka, kama ya mtoto anayejifunza. Nilifumua kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi ya njano iliyokunjwa pembetatu.

Koti lile nilikuwa nalitundika nyuma ya mlango wake. Nani mwingine?

Sikwenda nyumbani. Nilibadilisha treni, nikapanda ya njia ya Victoria mpaka Tottenham, nimeishika karatasi kwa kitambaa, mbali na tumbo langu. Shangazi alifungua mlango, akaniangalia mara moja tu.

"Una mimba," alisema, "na umenificha."

Nilianza kulia. Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza ilikotoka. Alisonya, akaufunga mlango kwa funguo zote mbili kana kwamba anti angeweza kupanda ngazi na kiti chake.

"Unaona, mwanangu? Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi unanificha, yule anajua! Umemwambia?"

"Sijamwambia, shangazi. Wallahi."

"Basi kakujuaje? Mkorofi huyo. Na usithubutu kuichoma, ukiichoma umeituma kazini. Lete bakuli."

Aliichovya kwenye maji ya chumvi. Wino ukaanza kuachia, maji yakawa ya waridi, kama maji ya kuoshea nyama. Tulikwenda mpaka kwenye mto Lea, nyuma ya maghala, watu wanakimbia mazoezi na mbwa wao wanatupita. Shangazi alisimama ukingoni na bakuli lake la plastiki akasoma aya ya kinga. Ana pumu, na upepo ulikuwa wa baridi. Katikati ya aya kikohozi kilimshika, akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi, akapuliza dawa yake ya kifuani, kisha akaendelea pale alipoachia. Alipomaliza akamwaga. Karatasi ikazunguka mara moja, ikaenda. Nyumbani kwake aliushona upindo wa koti langu kwa uzi mweusi, mishono myembamba iliyonyooka. Usiku huo nililala usingizi ambao sikuupata kwa wiki nzima.

Kazini niliendelea, kwa kuwa kazi hazipatikani hivi hivi kwa mwenye mimba. Lakini koti nililitia kwenye mfuko wa plastiki nikaufunga fundo na kuuweka karibu yangu. Chai yake sikuinywa tena. Na niliona jambo: anti aliacha kuandika. Brashi ilikauka kwenye kikombe, bunda la karatasi likaingia kabatini. Alikaa dirishani mikono mapajani. Nilimpigia shangazi simu kumpa habari.

"Tumemvunja nguvu," alisema.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mimba ilivuka mwezi wa tatu. Ikavuka wa tano. Niliacha kazi wa nane, nikajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya muadhini. Nilikaa arubaini yangu kwa shangazi, nikinywa uji wa pilipili manga. Ilipokwisha, binti wa anti alinipigia simu. Alisema mama yake hali yake si nzuri, hatoki kitandani, na kila siku anauliza kama mtoto ameshatimiza mwezi. "Anaomba uje," alisema. "Na uje na ile karatasi."

Nilimuuliza karatasi gani, kwa sauti ya mtu asiyejua kitu.

"Hajakwambia? Kumbe ndivyo alivyo. Aliniambia aliishona kwenye koti lako."

Akanieleza, naye alidhani ananieleza jambo la kufurahisha. Kwamba mama yake alipoteza watoto wawili tumboni kabla ya kumpata yeye, na kwa hiyo humjua mwenye mimba kwa namna anavyoshika kiuno akiinama. Kwamba mwenye mimba anayeificha huandikiwa kinga bila kuambiwa, maana akiambiwa huanza kuogopa. Kwamba mkono wake ulikataa na kukataa, na aliharibu karatasi karibu bunda zima mpaka ikatoka moja ya pumzi moja. Baada ya hiyo aliweka brashi chini akasema mkono umemaliza kazi yake. Hata ya kwake mwenyewe, ya ugonjwa wake, hakuiandika. "Sasa mtoto akishatimiza mwezi, karatasi inarudishwa ichomwe kwa shukrani. Mlinzi aliyepewa zamu lazima apewe ruhusa ya kuondoka."

Mganga hajigangi, twasema kwetu.

Nilikwenda kesho yake, mtoto kifuani, koti lilelile mwilini kwa kuwa sina jingine zito. Njia nzima nilitunga uongo. Imepotea. Imefuliwa. Iko nyumbani. Karatasi ya mlangoni ilikuwa palepale, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba rangi yake imepauka sana. Ilikuwa hapo miaka mingi kabla yangu.

Anti alikuwa amepungua mpaka mto wa kulalia ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Alimtazama mtoto muda mrefu. Hakumsifu hata kwa neno moja, na hilo nililielewa. Kisha akanyoosha kiganja.

Sikuwa na cha kuweka. Aliningoja, halafu mkono ule unaotetemeka ukashika upindo wa koti langu na kuanza kupapasa, inchi kwa inchi, mpaka ukafika kwenye ule uzi mweusi. Ukasimama hapo.

Nilimwambia yote. Maji ya chumvi, bakuli la plastiki, shangazi, mto. Nilimwambia nilidhani anataka kumla mtoto wangu. Aibu ilinichoma masikio. Binti yake alitoka chumbani.

Anti alifikiri kidogo, kama fundi anayeulizwa habari za fundi mwenzake.

"Huyo shangazi yako," aliuliza, "alisoma kwa pumzi moja?"

Sikulitegemea swali hilo. "Hapana, anti. Ana pumu. Alikohoa katikati."

Alifumba macho, na nikaona anacheka, bila sauti, mabega tu yanatikisika chini ya shuka. Hili sijamwambia shangazi mpaka leo na sitamwambia.

"Basi mlinzi bado yuko kazini," alisema.

"Nani atampa ruhusa sasa?"

Aliutazama mkono wake wa kulia, akauingiza chini ya blanketi.

"Mwache," alisema. "Mtoto bado mdogo."