Fundo la Kushoto

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinifikia puani nasimama palepale, hata niwe na haraka ya namna gani. Ni harufu ya lakiri inayoungua. Vijana hamuijui tena, basi niwaeleze: ni nta ngumu, nyekundu, ndefu kama kidole. Iliyeyushwa kwa kiberiti ikadondoshwa juu ya bahasha, ili mtu asiyehusika akiifungua, ijulikane. Mwezi uliopita nilikwenda biro fulani, ofisi ya serikali, kwa ajili ya karatasi za kiwanja chetu cha Kilibula, hapa Uvira. Karani, kijana mpole mwenye miwani, akatoa kipande cha lakiri kwenye droo, akawasha kiberiti. Moshi ukapanda, mtamu na mchungu kwa pamoja. "Koko, unaumwa?" akaniuliza, maana ndivyo sisi mabibi tunavyoitwa huku. Nikamwambia hapana, ni moshi tu. Nilimdanganya. Nilikuwa nimerudi mbele ya jiko la mama yangu, nina miaka kumi, na barua ya baba yangu inaungua.

Lakini ngoja nianze mwanzoni, maana mimi nikianzia katikati najipoteza mwenyewe.

Baba alikuwa karani wa posta hapa Uvira, tangu enzi za Wazungu. Kazi yake hasa ilikuwa kufunga barua za serikali. Uhuru ulipofika, Mzungu wake aliondoka asubuhi moja akamwachia funguo, kiti cha kuzunguka na sanduku la lakiri. Baba alivaa tai, akakaa juu ya kile kiti siku nzima, na hakuja mtu hata mmoja kununua timbre, yaani stempu. Mji wote ulikuwa barabarani unacheza. Jioni alirudi na pua imeinuka, akatuambia uhuru ni mzuri sana ila una kelele.

Nyumbani alipenda kutuonyesha ufundi wake. Alidondosha lakiri juu ya karatasi kuukuu, akaigandamiza kwa kifungo kimoja chenye alama ya mabawa mawili, alichokuwa amekiokota sijui wapi. Halafu alipasha kisu moto, akakipitisha chini ya lakiri taratibu, na ile nta ikabanduka nzima, alama yake haijaguswa. "Unaona, Neema? Lakiri inazuia muntu wa heshima. Mwizi haimuzuii." Ndiyo maana, alisema, mtu wa akili huweka na uzi.

Na uzi ndio unaonileta kwa mama.

Mama alikuwa binti wa mvuvi, na alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mnajua wenyewe jinsi watu wetu wanavyomsumbua mtoto wa kushoto: usile nao, usisalimie nao, usimpe mgeni kitu nao. Babu yangu peke yake hakumsumbua, kwa sababu hakuna aliyeshona nyavu kumshinda. Wanawake wenziwe pale ufukweni walimcheka, eti nyavu zake zinafukuza ndagaa kwa kuwa mafundo yanaangalia upande mbaya. Mama aliwajibu kwamba ndagaa hawajasoma, hawajui kulia wala kushoto. Baba alipokuja kumposa, alikaa miezi kwenye ule mchanga, na shati lake jeupe la posta, akijifanya anataka kujifunza kushona nyavu. Alijifunza kitu kimoja tu, lile fundo. Vidole vyake vya karani vilihangaika, lakini alilipata, na akalifunga kwa kushoto kama mwalimu wake. Hadithi hiyo tuliisikia mpaka ikatuchosha. Mimi niliichukua kama kichekesho cha wazee, sikuweka maanani.

Kisha uasi ukaja. Waliokuwa hapa wakati ule wanakumbuka: ukiwa na kalamu mfukoni, au viatu vya biro, ulikuwa adui wa watu. Karani mmoja wa jirani alichukuliwa akiwa mezani, kijiko mkononi, na hakurudi. Baba hakungoja zamu yake. Alivaa kaptula ya kuvulia, akavuka ziwa kwenda Bujumbura pamoja na wavuvi, mfukoni ana kipande cha lakiri na kile kifungo cha mabawa. Kabla ya kuondoka alimshika mama mabega, sisi tukiwa tumesimama palepale, mimi na mdogo wangu wa kiume, mchanga, mgongoni mwangu.

"Mama Neema, sikiliza. Nitaandika. Barua ikifika nzima, ufanye vile inasema. Ikifika imefunguliwa, hata ikisema mambo mazuri namna gani, usiifuate. Wameisha kuisoma, wanakungojea njiani."

Mama akaitika kwa kichwa.

Barua zilikuja kwa mkono wa Mama Zaituni, muuza mawese. Nani angempekua mama mzee anayevuja mafuta mpaka viwikoni? Bahasha aliifunga ndani ya jani la ndizi, chini ya mtungi wa mawese. Nne zilifika hivyo, na mambo yalikwenda namna ileile. Mama aliishika bahasha, akaigeuza, akaiangalia nyuma muda mrefu: uzi umepita msalaba, fundo katikati, na ncha zake mbili zimezikwa ndani ya lakiri kando kidogo. Kisha aliukata uzi pembeni kwa meno. Fundo hakulifungua hata mara moja. Alilikata likiwa zima, akalificha kwenye pindo la kitenge, ndipo akaipeleka barua kwa katekista wetu amsomee, mlango umefungwa. Mimi niliachwa uani na mtoto.

Hilo liliniuma, wenzangu, liliniuma vibaya! Nilikuwa mwaka wa nne, nasoma kushinda wavulana wote wa darasa, na aliyenifundisha herufi za kwanza ni baba mwenyewe. Katekista alisoma kwa kukwama, utadhani anavuka mto kwenye mawe. Mama angeniita mimi! Na tena nilimtamani baba. Nilitaka kujua kama ananitaja.

Siku ya Jumanne, barua ya tano ilifika mama akiwa shambani.

"Weye mutoto, mama yako iko wapi?"

"Iko mu shamba."

"Minye siwezi kungoja. Umupatie yeye mwenyewe. Na usiichezee-chezee!"

Macho hayana pazia, ndivyo wanavyosema. Yangu hayakuwa na mlango pia. Mama Zaituni hajafika kona, nami nimeshapasha kisu kwenye makaa. Lakiri ilibanduka safi, baba angenisifu. Fundo lilinitesa zaidi, nikalifungua kwa sindano. Nikasoma nimechuchumaa nyuma ya choo.

Ilikuwa fupi. "Ijumaa asubuhi na mapema, pale mto Mulongwe unapoingia ziwani. Mtumbwi wa mzee mwenye kofia ya majani. Utakuja mara moja tu. Askari wa serikali wanakaribia, vita vitapita katikati ya mji. Usibebe kitu, beba watoto." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Neema asiache kusoma."

Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Kisha nikarudisha kila kitu. Uzi msalaba, fundo katikati, ncha chini ya lakiri, nikapasha ile nta upande wa chini tu ili mabawa yasiyeyuke. Nikaiangalia kazi yangu. Mkurugenzi wa posta asingegundua.

Mama alirudi, akaweka jembe chini, akanawa mikono. Akaipokea barua, akaigeuza. Nikaona uso wake unabadilika.

"Nani ameleta hii?"

"Mama Zaituni."

Akapitisha kidole juu ya fundo mara mbili, tatu. "Hii haiko fundo ya papa yenu," akasema polepole. "Papa yenu anafunga kushoto. Hii ni kulia. Yoo! Wameisha kuifungua."

Nilikuwa nimefunga kama anavyofunga kila mtu wa ziwa hili, kwa mkono wa kulia, bila hata kufikiri kwamba fundo lina upande. Kabla sijapata sauti, mama aliichukua barua ile, hakuikata, hakuipeleka kwa katekista, akaisukuma ndani ya makaa. Agizo la baba lilikuwa wazi: iliyofunguliwa haifuatwi, basi ya nini kuisoma? Na mwanamke aliyekutwa na barua kutoka ng'ambo wakati ule hakuulizwa maswali mengi. Lakiri ikachemka, ikatoa ule moshi. Mama akalia bila sauti, akifuta macho kwa mkono wake wa kushoto.

Basi elewa hali yangu. Katika mji mzima wa Uvira, mtu mmoja tu alijua kwamba Ijumaa kuna mtumbwi, na mtu huyo alikuwa mtoto mwenye kiherehere anayeogopa fimbo. Jumatano nilisema nitamwambia akimaliza kutwanga. Alimaliza. Alhamisi nilisema nitamwambia tukienda kisimani. Tulikwenda, tukarudi, ndoo zimejaa na mdomo umefungwa. Chakula hakikushuka. Mama alidhani ni malaria, akanichemshia majani machungu, nami nikayanywa yote bila kukunja uso, kama kitubio. Kwa mbali, upande wa bonde la Ruzizi, mizinga ilianza kusikika.

Ijumaa, kulipoanza kupambazuka, mama alikuwa anapuliza moto wa uji. Nikapiga magoti majivuni.

"Mama, barua niliifungua minye."

Hakugeuka. "Unasema nini?"

"Minye. Hakuna muasi aliyeigusa. Nilisoma. Papa alisema tuende leo, asubuhi hii, pale Mulongwe inaingia mu ziwa." Nikaitoa yote kwa moyo, neno kwa neno, mpaka ile kofia ya majani. Hata "Neema asiache kusoma" nililisema, nikaona haya.

Sasa akageuka. Nilitegemea fimbo, na ningeipokea. Lakini usoni mwake niliona kitu kibaya zaidi: hakujua kama aniamini. Mtoto anayemtamani baba yake anaweza kutunga barua nzima. Na kama nimetunga, anatupeleka mikononi mwa watu wenye mikuki, mimi na mtoto mchanga. Alisimama hivyo, uji unafurika, hakuujali.

Kisha akachomoa uzi mmoja wa kitenge chenyewe, usio na fundo, akanitupia pamoja na kijiti.

"Funga. Vile ulifunga."

Nikapitisha msalaba, nikafunga. Mama akakichukua kijiti, akakisogeza kwenye mwanga wa moto, akapitisha kidole. Mara mbili, tatu.

"Ndiyo yenyewe, inalegea palepale kama ile," akasema. Akamfunga mdogo wangu mgongoni, akaweka beseni tupu kichwani, akanishika mkono. Uji tuliuacha jikoni.

Njiani tulikutana na wapiganaji wawili wenye manyoya kichwani. Mama aliwaamkia vizuri, akawaambia anawahi ndagaa kabla jua halijawaharibu. Mmoja akamtaka awaletee na wao. "Nitawaletea, baba," mama akajibu, na mkono wake ulikuwa unauponda wangu. Tulipofika mtoni, jua lilikuwa limeshachungulia juu ya milima ya Burundi, na yule mzee wa kofia ya majani alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anausukuma mtumbwi kuondoka. Mama alitupa beseni, akakimbia majini na nguo zake.

Kofi langu nililipata katikati ya ziwa, Uvira imekuwa ndogo nyuma yetu. Moja tu, la mkono wa kushoto, na lilikuwa zito. Kisha akanivuta kifuani, tukalia wote, mpaka mzee akatuomba tusiutikise mtumbwi wake.

Baba alikuwa amesimama ufukweni upande wa pili. Alitushika mmoja mmoja, akitugusa vichwa. Halafu karani ndani yake akaamka. "Na barua? Ilifika nzima?"

Mimi nikaangalia mchanga.

"Ilifika muzuri," mama akasema. Na hakuirudia habari ile tena, si siku ile, si miaka yote waliyoishi pamoja.

Baba alitangulia. Mama alimfuata uzeeni, tulikuwa tumesharudi Kilibula zamani. Nilipofungua sanduku lake, chini ya vitenge nilikuta kopo la chai, na ndani yake nyuzi. Nikadhani ni ubahili wake, maana wakati wa vita uzi ulikuwa shida. Nikazimwaga mapajani. Kila uzi ulikuwa na fundo katikati, mafundo yamechakaa kwa kushikwashikwa, yote yanaangalia kushoto. Manne.

Ndipo nikaelewa, nikiwa mwanamke mwenye wajukuu. Mama hakujua kusoma. Kila neno la baba lilimfikia kwa mdomo wa katekista anayekwama. Kitu kimoja tu ndani ya zile bahasha alikisoma mwenyewe, kwa kidole chake, bila kuomba msaada wa mtu, na baba alikiandika kwa ajili yake peke yake. Nami, msomi wa mwaka wa nne, ndicho nilichokifungua kwa sindano nikakiharibu, ili nisome yaliyobaki.

Nilipolikung'uta kopo, kikaanguka kitu cha mwisho. Kilikuwa kijiti kidogo kilichoshikwa na moshi, kimefungwa uzi msalaba, fundo lake linaangalia kulia. Alikuwa amekiweka pamoja na barua zake.