Jaketi za Utepe Mwekundu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na minne, nimeketi kwenye cherehani yangu Kisumu Ndogo, hapa Kibera, nikishona jaketi za kijani. Nakuambia haya kwa sababu jana ulizima redio ukasema vikwazo ni mambo ya wakubwa, kwamba serikali ya mbali ikiwatesa watu wake, sisi wa Kibera hatuna la kufanya. Na mimi niliwahi kuamini hivyo.

Kazi ile ililetwa na bwana mmoja mwenye pikapu, mtu mpole, anayesalimia kila mtu. Alinipa vitambaa na jaketi moja ya mfano. Alisisitiza kitu kimoja tu, utepe mwekundu uzunguke mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. "Ni za walinzi wa kampuni," alisema. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimezoea kupunguza suruali na kubadilisha zipu, sasa nimepata oda nzima. Fungu la kwanza alilichukua, akanisifu, akaleta vitambaa vingine.

Basi alasiri hiyo akaja Mama Neema, mteja wangu kutoka mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Alikuwa amekimbia nchi ya jirani ambayo jina lake nitaliacha. Siku zile redio haikuacha kutaja askari wa huko na vijiji walivyochoma. Alikuja kuchukua sketi ya binti yake. Alinisalimia, akainua macho, akaiona jaketi niliyoitundika kwenye msumari.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma mpaka akagonga mlango, kisha akaketi chini kwenye vumbi. Kitambaa chake cha kichwa kilianguka, hakukiokota.

"Hizi zinaenda wapi?" aliniuliza.

"Ni za walinzi, mama."

"Walinzi gani? Waliokuja kwetu walivaa hii. Utepe mkono wa kushoto. Walimtoa mume wangu kwenye foleni ya maji, mimi niko nyuma yake na ndoo."

Nilikuwa na pini mdomoni. Alipoinuka akaenda zake bila sketi, mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali.

Nilimkimbilia Mzee Ramadhani, Mnubi wa hapa hapa Kibera, fundi aliyenifundisha kushona. Nilimweleza yote, nikitarajia anipe pole. Yeye aliniuliza, "Nafula, ulimuuliza huyo bwana anazipeleka wapi?"

"Alisema ni za walinzi."

"Sijakuuliza alisema nini. Ulimuuliza?"

"Hapana, mzee."

"Ile nchi imewekewa vikwazo. Nchi nyingi zimekubaliana zisiiuzie bunduki wala sare. Viwanda vikubwa vimekataa, ndiyo maana amekuja mlangoni kwako. Wewe ulidhani ni kwa sababu unashona vizuri?"

Mwanangu, nimewahi kutukanwa sokoni mbele ya watu, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunichoma kama hayo.

Bwana wa pikapu aliporudi, nilimuuliza. Alicheka kidogo. "Wewe shona tu, mama. Ya nchi za watu yanakuhusu nini?" Nilimrudishia vitambaa vyote, vilivyokatwa na ambavyo havijakatwa. Hakubishana. Alivipakia, na wiki hiyo hiyo nikasikia ametafuta mafundi wengine Kawangware. Hapo nikamfuata Mama Neema, nikamwomba twende pamoja. Tulipita kibanda baada ya kibanda, yeye akieleza alichokiona, mimi nikieleza nilichofanya. Baadhi waliacha kazi ile siku hiyo hiyo. Wengine walisema wana watoto wa kulisha, wakaendelea. Baada ya muda yule bwana hakuonekana tena, sijui kama tulimshinda au alipata mji mwingine.

Lile fungu la kwanza lilikuwa limeshaondoka. Jaketi zile nilizishona kwa mikono hii, na kila moja ilivaliwa na mtu.

Mama Neema tunasalimiana vizuri, tumezeeka pamoja. Lakini kibandani kwangu hakuingia tena. Sketi ya binti yake aliipokelea nje.

Kwa hiyo nisikilize. Vikwazo huandikwa na wakubwa, ni kweli, lakini huvunjwa na watu wadogo kama mimi, kwenye vibanda vya mabati, kwa kutouliza. Usisubiri uitwe kwenye mkutano wa mataifa. Ukiletewa kazi, uliza inakwenda kwa nani. Na usiwe mwepesi wa kushangilia kila kikwazo. Dada yake Mama Neema, aliyebaki kule, alikosa dawa za presha kwa sababu ya vikwazo hivyo hivyo. Anayemnyima mgonjwa dawa hajamwadhibu askari. Wanyimwe bunduki, wanyimwe sare, wanyimwe pa kuficha walichoiba, lakini mgonjwa aachiwe dawa yake.

Nami nakuombea, mwanangu. Mungu asikunyime kazi, na kazi ikija, akupe ujasiri wa kuuliza kabla hujaigusa.