Mwaka wa Waipa Tatu

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha gari pale Garsen, nilibadilisha waipa za kioo cha mbele mara tatu. Kaka yangu mkubwa, dereva wa siku nyingi, alinicheka kila mara. "Wewe hata waipa zinakukimbia," alisema. Iliniuma.

Mara ya tatu nilimwambia fundi anieleze kwanza kwa nini zinakufa. Akachomoa mpira wa waipa na kuukunja. Ukapasuka.

"Hili ni jua, dada. Gari linashinda juani, mpira umelala juu ya kioo cha moto. Unakauka." Akapitisha kidole ukingoni, palipolika kama meno ya msumeno. "Na hii ni wewe. Vumbi likijaa kiooni unawasha waipa kioo kikiwa kikavu. Vumbi letu ni mchanga, linausaga mpira."

Alisema kweli. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi.

Kuanzia siku ile nikawa naegesha kivulini. Vumbi nililimwagia maji kabla ya kugusa swichi, na kila Ijumaa niliifuta mipira kwa kitambaa kibichi. Kaka alinikuta nikifanya hivyo. "Sasa unaziogesha kama watoto wachanga," akasema, akaenda zake.

Kisha binti yake akaolewa, tukawa tunampeleka kwa mumewe Tarasaa. Kaka alitangulia na bibi harusi, mimi nikafuata na mashangazi. Tulipofika katikati ya njia mvua ikashuka kwa kishindo. Nikaona gari lake likiyumba, kisha likasimama mbele ya duka moja. Nilipomfikia, waipa zake zilikuwa zikikwaruza na kukipaka kioo tope tupu. Zangu zilipita mara moja, barabara yote ikaonekana.

Kaka aliziangalia kwa muda. Akafunga gari lake, akamwachia mwenye duka alitazame.

"Tutaingia kwako," akasema.

Bibi harusi akakaa mbele. Baba yake akajibana nyuma katikati ya mashangazi, magoti yakimgusa kidevu. Nikaendesha polepole, mvua ikipiga, na sikusimama popote.

Vigelegele vilitupokea Tarasaa. Bwana harusi alipomshukuru kaka kwa kumfikisha mkewe salama, kaka alinionyesha kwa mkono, wakwe wote wakisikia.

"Mshukuru shangazi yake. Mimi leo nilikuwa abiria."