Nyumba Niliyoandika Kuwa Haina Watu

Siku hizo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameshatwaa sehemu kubwa ya nyanda za Hanang, na mimi nilikuwa mdadisi. Kazi yangu ilikuwa kuingia katika nyumba za watu nisiowajua na kumuuliza mama wa nyumba amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, na wale wengine walipatwa na nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilitoka Kilosa, kwenye joto na mkonge, nikiwa na cheti cha takwimu na sweta moja. Kiiraqw, lugha ya wenyeji, sikujua hata salamu. Manyara haikuwa mkoa bado. Makao yetu yalikuwa Arusha mjini, na huko ndiko alikokaa mkuu wangu wa kazi, bwana mmoja mrefu, mpole, aliyezungumza kana kwamba kila neno analipima kwanza.

Kabla hajaniacha kijijini Mogitu na madodoso yangu na mizani ya kupimia watoto, alinieleza kwa nini tulichagua nyumba kwa namba badala ya kuuliza kila mtu.

"Umewahi kumwona mnunuzi wa nafaka?" aliniuliza. "Hafungui gunia lote. Anachoma bambo, anatoa punje chache kiganjani, anajua gunia lina nini. Lakini bambo lichomwe popote. Siyo pale mwenye gunia anapokuelekeza."

Nilicheka, nikaona nimeelewa.

Nilipewa mkalimani, mama mmoja mtu mzima aliyefundisha elimu ya watu wazima katika vijiji vya huko. Alizaliwa Tlawi, kule juu Mbulu, akaolewa na kuhamia huku wakati mashamba ya kwao yalipokuwa yamegawanywa hadi hayagawanyiki tena. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye alijibu marahaba, halafu anatangulia njiani na kitenge chake kimefungwa sawasawa kifuani, bila kugeuka nyuma mpaka tufike. Aliniita mwalimu, ingawa mwalimu alikuwa yeye. Alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa neno lake, na nilimtegemea kama kipofu anavyomtegemea anayemshika mkono.

Kanuni ya kazi ilisema hivi: nyumba iliyochaguliwa ikikutwa haina mtu, rudi mara tatu. Ikishindikana, andika "haina watu," kisha uchukue ya jirani upande wa kulia.

Pale Mogitu tulifika mara kadhaa kwenye kijia kinachoelekea nyumba yenye namba yangu, na mama akasimama. "Hiyo haina watu," alisema. "Twende ya huku." Nami nikaandika haina watu. Sikurudi mara tatu, hata mara moja. Jua lilikuwa kali, upepo ulinipasua midomo, na jirani wa kulia alikuwa na kiti na maziwa ya mgando. Nilijiambia kwamba mwenyeji anajua zaidi kuliko mimi.

Kazi ilikwenda vizuri. Tatizo langu lilikuwa jioni. Tulipohamia Gitting nilipewa chumba nyuma ya zahanati, chenye kitanda cha kamba na dirisha lisilo na kioo. Sukari haikuwapo, mafuta ya taa yalikuwa ya kubahatisha. Watu walikuwa wema, lakini wema wao ulipitia kwa mkalimani, na mkalimani akienda kwake ulikwenda naye. Nilikaa kwenye hatua ya mlango nikisikiliza wanawake wakiongea wakati wa kurudi kisimani, nikajaribu kukisia wanacheka nini. Kuna siku nilipitisha kutwa nzima na maneno pekee niliyoyasema yangu mwenyewe yalikuwa shikamoo na asante. Mengine yote yalikuwa maswali ya dodoso.

Siku ya nne pale Gitting tulifika kwenye njia panda. Mama akasimama.

"Hiyo haina watu."

Nilitazama. Nyumba ilikuwa ya nyasi, chini ya mteremko, na kwenye paa lake moshi ulikuwa ukifuka taratibu, kama unavyofuka kwenye nyumba yoyote ambayo mtu ameinjika chungu.

"Mama," nilisema, "kuna moshi."

Alifungua kitenge, akakifunga upya.

"Nimesema haina watu wa kutembelewa," alisema. "Kwa Kiswahili chenu sijui mnasemaje."

Ndipo akanieleza, akiutazama mlima badala ya kunitazama mimi. Ilikuwa desturi ya wazee. Nyumba iliyofiwa na mtoto mdogo hukaa peke yake kwa muda. Majirani hawaingii, na wa nyumba hiyo hawaendi kwa watu. Hawachoti maji pamoja na wengine, ng'ombe wao hawachangamani na ng'ombe wa watu, mpaka muda utimie na mambo yatengenezwe. Wengi kanisani walikuwa wameiacha, alisema, na yeye mwenyewe haisifii. Lakini aliishi na majirani, na majirani walikuwa na macho.

"Na zile za Mogitu?" nilimuuliza.

"Nyingine zilikuwa hazina watu kweli," alisema. "Nyingine zilikuwa kama hii."

Naukumbuka vizuri muda ule, dodoso likiwa mkononi mwangu. Tulikuwa tunatafuta watoto waliokufa. Ndiyo kazi tuliyotumwa. Na kila tulipofika kwenye nyumba yenye mtoto aliyekufa juzi, tuligeuka kulia, tukamhesabu wa jirani aliye hai. Kwenye karatasi zangu Mogitu ilikuwa mahali pazuri pa kulelea mtoto.

"Mimi nashuka," nilisema.

"Shuka," alisema mama. "Mimi siendi. Na ukishuka, mwalimu, leo hatutarudi pamoja."

Nilishuka peke yangu. Sikuwa shujaa, niliona aibu, na aibu ndiyo iliyonisukuma. Kabla sijafika uani, mwanamke mmoja alitokea mlangoni akainua mkono, kiganja kikinielekea.

"Simama hapo," alisema kwa Kiswahili. "Hapo kwenye jiwe. Usikaribie, dada. Majirani watakusumbua."

Alikuwa wa rika langu, labda mdogo wangu kidogo. Kiswahili alikisoma kwenye darasa la mama yule yule aliyekuwa amesimama kule juu njiani. Nilikaa kwenye jiwe, yeye akakaa kwenye kizingiti, na kati yetu palikuwa na ua mtupu na kuku mmoja akiparura. Tulisemezana kwa kupaza sauti kidogo, kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Nilimweleza nilichokuja kufanya. Nilimwambia ana haki ya kukataa.

"Uliza," alisema.

"Umezaa watoto wangapi?"

"Watatu."

"Wangapi wako hai?"

Nyuma yake, ndani, niliwasikia watoto wakinong'ona. Nilifundishwa kwamba mtu akinyamaza usimsaidie jibu, usubiri. Nilisubiri mpaka nikaona macho yangu mwenyewe yanaanza kuuma.

"Wawili," alisema. "Huyo mwingine hakuna aliyeniuliza. Wewe ndiye wa kwanza."

Alikuwa mvulana, ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika kuta. Aliharisha. Mume alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano, akifukuza ndege, na alilala huko huko kambini. Yeye peke yake alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati, akakuta dawa imekwisha, akarudi. Aliniambia siku ngapi, nami nikaandika. Aliniambia mtoto alikunywa maji ya wapi, nikaandika. Mume alikuja kuzika, akarudi kambini, kwa sababu kule walikuwa watu wa kila kabila na hakuna aliyejua nyumbani kwake kuna nini. Kule alikula na wenzake. Mke na watoto walibaki.

"Mchana ni mrefu," alisema.

Nilipomaliza dodoso sikuinuka. Hakuna kanuni iliyonikataza kukaa. Aliniuliza kwetu ni wapi, na kama kuna mlima. Aliniuliza kama nina mume. Nilimwambia sina. Aliniuliza nani ananipikia, nikasema najipikia mwenyewe na mara nyingi silali nimeshiba. Alicheka kidogo, akafunika mdomo upesi kama mtu aliyeiba kitu.

Kisha akasema, "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nilimsomea. Mwaka aliozaliwa, jinsi yake, umri alipofariki, ugonjwa, maji, umbali wa zahanati. Maneno makavu ya serikali. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama watu wanavyosikiliza somo kanisani.

Nilipopanda, njia ilikuwa tupu. Mama alikuwa ametimiza neno lake.

Na majirani walikuwa na macho kweli. Kesho yake mama hakuja. Nilikwenda mwenyewe kwenye nyumba iliyofuata. Mwenye nyumba alitoka akanisalimia kwa adabu akiwa amesimama kati yangu na mlango, akasema ana safari. Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kisimani wanawake waliniachia nafasi, wote, wakasimama pembeni na ndoo zao mpaka nimalize kuchota. Jumapili nilikaa kwenye benchi la kanisa na benchi likabaki langu peke yangu. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mtu anitukane, nipate wa kujibizana naye.

Nilikuwa nimedhani mwezi wote ule kwamba niko peke yangu. Sikuwa nimejua upweke ni nini. Upweke wa mgeni una mlango. Unajua siku moja utapanda gari uende kwenu. Nilimfikiria yule mwanamke kwenye kizingiti chake, ambaye kwao ndipo hapo.

Nilimwandikia mkuu wangu barua, nikampa dereva wa lori la shamba aliyekuwa anafuata vipuri Arusha. Niliandika kila kitu: nyumba nilizoziruka, kwamba sikurudi mara tatu, na sababu. Nilitegemea kufukuzwa kazi, na kwa upande mmoja nilitamani hivyo.

Alikuja baada ya wiki na Landrova yenye petroli ya kuazima. Alisoma dodoso la yule mwanamke wa kizingitini akiwa amesimama, mara mbili. Halafu akakaa kwenye hatua yangu ya mlango, suruali yake safi kwenye vumbi.

"Ulikosea kutokurudi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Lakini hata ungerudi mara tatu, ungeambiwa hivyo hivyo, na kanuni ingekupeleka kulia." Alikunja karatasi. "Hiyo kanuni niliiandika mimi. Sijawahi kulala kijijini hata siku moja wakati naiandika."

Mbali, kombaini zilikuwa zinanguruma kwenye ngano.

"Zirudie zote," alisema. "Usiingie ndani kama hawataki. Kaa kwenye jiwe. Nitakuongezea muda."

Kabla hajaondoka alikwenda kwa mama mkalimani, akaongea naye, mimi nikiwa garini. Sijui alimwambia nini. Kesho yake asubuhi mama alisimama nje ya zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitakuonyesha njia," alisema. "Nitasimama mbali. Asiyejua Kiswahili nitamtafsiria kwa sauti kutoka huko huko."

Ndivyo tulivyofanya, Gitting kwanza, halafu Mogitu. Tulikuwa kichekesho: mimi kwenye jiwe au gogo, mwenye nyumba mlangoni, na mama juu ya kilima akipaza sauti kuuliza habari za watoto waliozikwa. Nyumba nyingine zilikuwa tupu kweli, watu walihama. Mzee mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki. Lakini wengi waliongea. Waliongea kupita maswali, na mama alitafsiri mpaka sauti ikamkauka. Siku moja, baada ya mwanamke mmoja kueleza habari za mapacha wake, kule juu kilimani kukawa kimya. Niligeuka. Mama alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Tulimsubiri, mimi na yule mwanamke, bila kusemezana, kwa kuwa hatukuwa na lugha.

Karatasi zikaenda Arusha. Tulijumlisha kwa mkono, mezani, wadadisi wanne, na ile safu ya vifo iliyokuwa nyepesi ikawa nzito. Mwenzangu mmoja alisema data zangu zimeharibika, hazifanani na za mwanzo. Mkuu wangu alimjibu kwamba za mwanzo ndizo zilizoharibika.

Msimu uliofuata tulirudi Gitting kuwasomea watu majibu. Mkutano ulikuwa mbele ya zahanati. Mkuu alieleza habari za maji na kuharisha, akaahidi kuomba dawa na kisima kilichofunikwa, na wanaume wakauliza habari za barabara. Yule mwanamke alikuwa amekaa na wanawake wenzake, bega kwa bega, mtoto wa mtu mwingine akiwa mapajani mwake. Muda wake ulikuwa umetimia, mambo yalikuwa yametengenezwa. Mkutano ulipokwisha alikuja nilipokuwa nakunja makaratasi.

"Huyo wangu yumo humo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yumo."

Alitikisa kichwa kukubali. Wenzake walimwita, akaenda. Hakugeuka, na nilifurahi kwamba hakugeuka, ingawa nilisimama pale muda nikimtazama.

Dawa zilikuja mara chache, kwa kuchelewa. Kisima kilichimbwa baada ya miaka, na wengine, siyo sisi. Mimi niliendelea na kazi ile mpaka nilipostaafu, nikiwafundisha vijana kujaza dodoso katika mikoa mingi. Wanaponiuliza kuhusu nyumba zisizo na watu, nawaambia waende wenyewe wakaangalie kama kuna moto jikoni.

Siku ile ya mkutano gari lilichelewa kuondoka. Mama mkalimani alileta vikombe viwili vya chai isiyo na sukari, akaweka kigoda chake karibu na changu, akakaa. Hatukuongea sana. Aliniuliza kama Kilosa wanalima ngano. Nilimwambia hapana, kuna joto. Alisema joto hajawahi kulijua, akanywa chai yake, tukakaa hivyo mpaka dereva alipopiga honi.