Ukurasa wa Mwisho wa Isihaka

Bernadina ni fundi cherehani wa Masuguru, na ukimpelekea nguo wakati anasoma riwaya ya upelelezi, basi imekula kwako. Mguu unakanyaga cherehani, roho iko kwingine kabisa. Asubuhi, ukungu ukishuka kutoka upande wa Vugiri, humo huona koti refu la mpelelezi likipita taratibu, akalisindikiza kwa macho mpaka uzi ukakatika.

Vitabu alikuwa akiletewa na Mzee Isihaka, muuza mahindi wa Kwedizinga. Isihaka Mzigua, Bernadina Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge. Watani hao wa jadi, kabila kwa kabila, basi tena! Isihaka alisoma kwanza, akachana ukurasa wa mwisho, akautia mfukoni.

"Nitajie muuaji, Mnyamwezi, ndipo nikupe."

Bernadina naye, kwa ukaidi tu, kila kitabu alimtaja Mzigua. Hata kisa kiwe cha Dar es Salaam, atamtafutia mtu Uzigua. Miaka yote hiyo hakupatia hata mara moja, na Isihaka alicheka mpaka akashika mbavu, ndipo akampa ukurasa wake.

Kitabu cha mwisho kilikuwa kitamu kuliko vyote. Tajiri kakutwa amekufa ghalani, mlango umefungwa kwa ndani. Kijiji kizima kinasema uchawi. Inspekta anasema uchawi hauachi matope sakafuni. Wanashukiwa dereva wa lori, mjane wa tajiri, na mganga wa Kizigua. Bernadina alikimaliza, akawa anamngoja mtani wake aje sokoni. Badala yake ikaja habari kwamba Isihaka amefariki.

Njia nzima kwenda Kwedizinga alikuwa kama anatembea ndani ya kitabu. Mashamba ya mahindi yalinyamaza, watu barabarani walimtazama kama mashahidi wanaoficha jambo. Na aliwaza, aibu iliyoje, juu ya ule ukurasa. Ukizikwa naye, hatajua kamwe, na mazungumzo yao yatakuwa yamekatwa katikati.

Alipofika, wanaume walikuwa wamekwisha kulibeba jeneza. Bernadina akatwaa kofia ya marehemu iliyoning'inia barazani, akaivaa, akajilaza chini kuziba njia. Mtani ana haki hiyo msibani, mpaka apewe kitu ndipo apishe.

"Haendi mtu! Huyu mwizi kwanza arudishe ukurasa wangu!"

Waombolezaji wakaangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Wakamletea kuku. Akakataa.

Swaumu, mjane wa Isihaka, akamsogelea akifungua pindo la kanga yake.

"Alijua utakuja, mtani. Kaniachia huu. Lakini kasema nisikupe mpaka umtaje muuaji."

"Ni Mzigua, nani mwingine? Yule mganga!"

Swaumu akampa ukurasa. Bernadina akasoma palepale mavumbini, midomo ikimcheza. Akarudia kusoma. Alikuwa mganga kweli.

"Nimepatia!" Akaruka juu, akaupeperusha ukurasa, akageuka amtambie. Mtu wa kumtambia alikuwa amelala kwenye jeneza, chini ya shuka la kijani.

Kicheko kikamkauka. Alimpenda yule mzee, jamani, alimpenda mno. Akasogea, akaweka kiganja juu ya shuka.

"Leo nimekupata, Mzigua wee," akasema.

Kisha akavua ile kofia, akapisha njia.